Maumivu ya goti kwa mtoto mwanamichezo anayekua: maswali ya wazazi, walimu na makocha wa Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa anayeishi na mtoto wa miaka 9 hadi 16 anayecheza mpira, netiboli, kikapu au riadha, na ambaye goti limeanza kumsumbua bila kuanguka wala kugongwa. Ukiwa na haraka, anza na swali la dalili za hatari, kisha urudi kwenye mengine.

Mwanangu anaumwa chini kidogo ya pia ya goti. Ni nini hasa?

Mara nyingi ni hali inayoitwa Osgood-Schlatter. Jina linatokana na madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich, ambao mwaka 1903 kila mmoja aliieleza kivyake.

Msuli mkubwa wa mbele ya paja unashuka, unaishika pia ya goti, kisha unaendelea kama kano nene inayojishikiza kwenye kijinundu kilicho juu ya mfupa wa muundi, vidole viwili au vitatu chini ya pia. Kwa mtu mzima kijinundu hicho ni mfupa mgumu. Kwa mtoto anayekua, sehemu yake kubwa bado ni gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa, na gegedu haihimili mvuto kama kano inavyohimili. Kila shuti, kila mruko, kila mbio za kasi zinazoishia kwa kusimama ghafla, msuli unavuta kano na kano inavuta gegedu. Mivuto ikizidi na mapumziko yakiwa machache, mahali pale panavimba na kuuma, na mwili unaongeza mfupa ambao baadaye unaonekana kama nundu.

Umri unasaidia kutambua. Wasichana huanza zaidi wakiwa na miaka 10 hadi 12, wavulana 12 hadi 14, yaani wakati ule ambao suruali ya sare inakuwa fupi kabla mwaka wa shule haujaisha. Mara nyingi goti moja ndilo linalouma, ila kwa baadhi yao ni yote mawili.

Unaweza kupima nyumbani. Mtoto akae kwenye kiti, goti limekunjwa. Anza na kidole gumba juu ya pia, shuka polepole kwenye kano hadi ukutane na kijinundu, ubonyeze. Akiruka hapo hapo na kusema "ndiyo hapo", umepapata. Akiumwa kwenye ncha ya chini ya pia yenyewe, hiyo ni hali ya jamii hiyohiyo, Sinding-Larsen-Johansson, na inatunzwa kwa namna ileile. Akiumwa kuzunguka pia au nyuma yake, hasa akishuka ngazi au akikaa muda mrefu darasani, chanzo ni kingine, ingawa kupunguza mzigo na kuimarisha paja kunasaidia huko pia. Na kama kinachouma ni kisigino, hiyo ni hali ya Sever: gegedu inayovutwa na kano ya kisigino.

Bibi yake anasema ni "anarefuka tu", yataisha. Si kweli?

Kuna maumivu ya usiku ya watoto wadogo, hasa miaka 3 hadi 12. Yanashika vigimbi au mapaja ya miguu yote miwili jioni au usiku, mtoto analia, anakandwa, analala, na asubuhi anakimbia kama kawaida. Hayo hayakai kwenye kiungo, hayavimbi, na hayamfanyi mtoto achechemee.

Osgood-Schlatter ni kinyume. Ina mahali pake pamoja unapopaonyesha kwa kidole, inachochewa na michezo, na inatulia akipumzika. Bibi hajakosea kwamba kukua kumo ndani yake. Lakini kukua peke yake hakumuumizi mtoto. Kinachomuumiza ni kukua pamoja na mzigo mkubwa, na mzigo unaweza kuupunguza.

Dalili zipi zinataka hospitali, tena bila kungoja Jumatatu?

Mpeleke siku hiyohiyo kama:

- Goti limevimba, lina joto, na ana homa, au anakataa kabisa kukanyagia mguu. Hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo au kwenye mfupa, na kila saa ina thamani. Mtoto mwenye selimundu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi ya mfupa.
- Alisikia kitu "paa!" wakati wa kuruka au kupiga shuti, na sasa hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Mlaze chali, mwambie anyooshe goti na ainue mguu wote kitandani. Akishindwa, kijinundu kinaweza kuwa kimeng'oka.
- Anachechemea, mguu unatazama nje, na ukimlaza chali na kukunja nyonga, paja linakimbilia nje badala ya kwenda sawa na lile la pili. Hii ni ya kuogopwa kwa watoto wa miaka 10 hadi 16: kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kwenye nyonga, lakini maumivu yanasikika gotini. Wapo wanaokandwa goti kwa wiki nyingi huku nyonga ikiharibika. Mtoto huyu asitembee. Abebwe hadi kwenye gari.

Panga kwenda ndani ya siku chache kama maumivu yanamwamsha usiku bila kujali amecheza au hakucheza, kama kuna uvimbe mgumu unaokua juu au chini ya goti, kama anapungua uzito, au kama goti limevimba polepole kwa wiki kadhaa na kukakamaa. Saratani ya mfupa ya vijana, ingawa ni nadra, hupenda kukaa karibu na goti, na kifua kikuu cha kiungo huanza kimyakimya hivyohivyo.

Moshi kuna KCMC na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi. Arusha kuna Mount Meru na hospitali nyingine zenye madaktari wa mifupa. Kwa tatizo lisilo la dharura, anza na kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa ya kwenda fiziotherapia.

Lazima apigwe eksirei?

Kwa hali ya kawaida, hapana. Umri, mahali panapouma na mchezo anaoucheza vinatosha. Picha inahitajika kama kuna dalili mojawapo ya hizo hapo juu, kama alianguka, au kama miezi mitatu ya mpango mzuri imepita bila nafuu yoyote. Ukipewa picha inayosema kuna "kipande cha mfupa kilichojitenga", usishtuke mara moja: kijinundu cha mtoto kwa kawaida huota kwa vipandevipande kabla ya kuungana. Muulize aliyekuandikia kama goti la upande mzima linaonekana tofauti.

Aache michezo kabisa?

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia, na hupotea kwa pande zote mbili. Kuna mzazi anayefunga njumu kabatini kwa miezi sita. Paja linasinyaa, mtoto ananenepa na kukata tamaa, na akirudi uwanjani maumivu yanarudi naye wiki ya kwanza, kwa sababu gegedu haikuzoeshwa chochote. Kuna kocha anayesema "jikaze, huo ni uvivu", na mtoto anacheza akichechemea hadi msimu unakwisha.

Tunachoshauri ni kuupima mzigo kwa maumivu yenyewe. Mwambie mtoto atoe namba kutoka 0 (hakuna) hadi 10 (hayavumiliki), akiwa anacheza na tena asubuhi ya kesho yake.

Namba 0 hadi 2: aendelee. Namba 3 hadi 5: anaweza kumalizia zoezi jepesi, lakini kipindi kijacho apunguze nusu ya mbio na aondoe miruko. Zaidi ya 5, au akianza kuchechemea kwa namba yoyote ile: atoke uwanjani. Asubuhi yake ndiyo yenye hukumu kubwa. Kama akiamka na kushuka kitandani anaumwa kuliko jana asubuhi, jana alizidisha, hata kama uwanjani alisema hajisikii kitu. Wakati wa mchezo mwili umechemka na mtoto anataka kubaki kikosini. Saa kumi na mbili asubuhi hana sababu ya kuficha.

Kama tayari anachechemea kwenye shughuli za kawaida, anza na wiki nne bila mbio za kasi, miruko na mashuti. Kutembea kwenye tambarare, kuogelea bila kupiga mateke makali, na baiskeli yenye kiti kilichoinuliwa vizuri vinaruhusiwa mradi namba isizidi 2. Kiti cha baiskeli kikiwa chini sana goti linakunjwa mno na linauma. Mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedali, goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Kisha hesabu kila kitu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuwa na mchakamchaka wa asubuhi, mazoezi ya timu ya shule mara tatu kwa wiki, akademi Jumamosi, na chandimu kila jioni mtaani. Kocha wa akademi anaona kipindi kimoja na kusema "mbona simchoshi?" Jumla inajulikana nyumbani tu. Kanuni inayotumika sana kwa watoto ni kwamba saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wake: miaka 12, saa 12, na siku moja au mbili bila mchezo kabisa. Mwenye goti bovu anahitaji pungufu ya hapo.

Mazoezi gani yanamsaidia, na afanye mangapi?

Wiki ya 1 hadi ya 4, kila siku. Akae kwenye mkeka, mguu umenyooka, taulo lililoviringishwa chini ya goti. Abane msuli wa paja kwa kulikandamiza taulo chini, ashikilie sekunde 30, apumzike sekunde 30. Mara 10 kwa mguu unaouma. Weka mkono juu ya paja uhisi msuli ukikaza; kama ni kisigino tu kinachokandamiza sakafu, hafanyi kitu. Halafu alale chali, magoti yamekunjwa, ainue makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, ahesabu hadi tatu, ashuke. Mara 10, mizunguko mitatu.

Wiki ya 5 hadi ya 8, siku moja afanye na siku moja apumzike. Aegemee ukuta, nyayo hatua moja na nusu mbele, ateleze chini hadi magoti yakunjwe kama nusu ya kukaa kwenye kiti, kisha apande polepole: sekunde tatu kushuka, sekunde tatu kupanda. Mara 10, mizunguko mitatu. Wiki ya 6 ashuke zaidi ikiwa namba haizidi 2. Magoti yaelekee kwenye vidole vya miguu, yasigongane katikati. Kugongana huko ndilo kosa la kawaida, hasa kwa wasichana wanaocheza netiboli, na hutokana na misuli dhaifu ya nyonga. Dawa yake ni kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 15, mizunguko miwili kila upande.

Wiki ya 9 hadi ya 12, aongeze hatua ndefu ya mbele: mguu mmoja mbele, goti la nyuma lishuke karibu na sakafu bila kuigusa, arudi. Mara 8 kila mguu, mizunguko mitatu. Akimudu, ashike chupa mbili za maji za lita moja na nusu.

Kunyoosha msuli wa mbele ya paja kunasaidia wenye misuli iliyokaza, lakini si wakati goti linawaka. Kuvuta kisigino hadi kalioni kwa nguvu ni kuivuta kano ileile inayouma. Subiri hadi kubonyeza kijinundu kusizidi namba 3, kisha anyooshe taratibu sekunde 30, mara mbili. Misuli ya nyuma ya paja na vigimbi anaweza kuinyoosha tangu siku ya kwanza.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni wiki ya tatu. Maumivu yanapungua, mtoto anaona amepona, anarudi kwenye mechi, na Jumatatu mnaanza upya.

Atarudi uwanjani lini?

Mjipange kwa miezi, si wiki. Utafiti mmoja wa Denmark uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia vijana 51 wa miaka 10 hadi 14 waliopewa mpango wa wiki 12 wa kupunguza mzigo na kuimarisha paja. Baada ya wiki 12, karibu wanane kati ya kumi walisema wamepata nafuu nzuri, lakini ni asilimia 16 tu waliokuwa wamerudi kwenye mchezo wao. Baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 69. Nafuu hutangulia uwezo, na mwambieni mtoto hivyo mapema ili asidhani amefeli.

Aanze kurudi akiweza mambo matatu bila kuzidi namba 2: kushuka ngazi za ghorofa moja, kuinuka kwenye kiti kwa mguu mmoja mara 5, na kuruka kwa mguu mmoja palepale mara 10. Kisha apande hivi, vipindi viwili kwa kila ngazi, na siku ya kupumzika katikati:

1. Kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, kwenye nyasi tambarare.
2. Kukimbia polepole dakika 15 mfululizo.
3. Pasi fupi na kukokota mpira, bila mashuti.
4. Mbio za mita 20 kwa kasi ya robo tatu, mara 6, akipunguza mwendo taratibu bila kufunga breki.
5. Mashuti 10, kisha 20, na kubadilisha mwelekeo.
6. Miruko, vichwa, ribaundi.
7. Nusu ya mechi, kisha mechi nzima.

Miruko na breki huja mwisho kwa sababu ndizo zinazovuta kano kuliko vyote. Asubuhi ikimpa namba kubwa, arudi ngazi moja, si kuanzia mwanzo.

Shuleni kuna mchakamchaka, kudeki na adhabu. Nifanyeje?

Ongea na shule, tena kwa maandishi. Mtoto mwenyewe akisema "goti linauma" mbele ya foleni ya asubuhi, anaonekana anakwepa. Kuruka kichura ndiyo mbaya kuliko zote: goti limekunjwa mpaka mwisho, uzito wote juu yake, kisha mruko. Kwa mtoto huyu hiyo si adhabu tena, ni kumjeruhi, na tunawaomba walimu waiache kabisa. Kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji kunakandamiza kijinundu moja kwa moja, iwe ni kudeki, kuadhibiwa au kusali. Kanisani au msikitini awe na kipande cha godoro chembamba chini ya goti, au aombe ruhusa ya kukaa.

Barua inaweza kuwa fupi hivi:

"Mwalimu wa darasa, salamu. Mtoto wangu ana tatizo la goti linalotokana na kukua, na anafuata mpango wa mazoezi. Kwa wiki nne kuanzia leo naomba asikimbie mchakamchaka, asiruke kichura, asipige magoti kwenye sakafu. Anaweza kutembea, kufagia, kumwagilia bustani na kufuta ubao, wala hahitaji kuachwa nyuma na wenzake. Nitafika shuleni wiki ya nne tuangalie hali yake. Asante sana."

Andika anachoweza kufanya. Barua yenye makatazo matupu humfanya mwalimu ashindwe ampange wapi.

Barafu na dawa za maumivu zinafaa?

Barafu inatuliza. Ifunge kwenye kitambaa, ikae dakika 10 hadi 15 baada ya mchezo, isigusane na ngozi moja kwa moja. Pakiti ya maziwa iliyogandishwa kwenye friji au chupa ya maji ya baridi kali inatosha.

Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 34 hadi 50 hiyo ni kidonge kimoja cha miligramu 500, kila baada ya saa 6 ikibidi, visizidi vinne kwa saa 24. Mpime uzito kwanza, usikisie. Ibuprofen hupewa baada ya chakula, si kwa mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo, au pumu inayochochewa nayo, na si kwa mtoto aliyeishiwa maji baada ya kucheza juani. Vyote ni vya siku mbili tatu. Kumpa dawa kabla ya mechi ili acheze ni kuzima kengele moto ukiwaka, na hilo hatulikubali hata kwa fainali. Diklofenaki ya dukani bila daktari, hapana.

Mkanda mwembamba wa kufunga kwenye kano, katikati ya pia na kijinundu, huwasaidia baadhi. Jaribu kwa wiki mbili. Usipobadilisha namba, hela yako itumie kwa maziwa.

Kuna fundi wa kuchua mifupa mtaani. Na sindano je?

Kuchua paja kwa mkono mwepesi hakuna ubaya. Kusugua kijinundu chenyewe, kukikandamiza "kirudi ndani", kukichanja au kukibandika dawa ya kuunguza kunaongeza uvimbe na kunaweza kuleta kidonda. Hakuna kilichotoka mahali pake cha kurudishwa.

Sindano ya steroidi kwenye kano ya mtoto isikubaliwe: inadhoofisha kano na inaweza kuharibu ngozi ya juu. Plasta ngumu nayo haihitajiki kwa hali ya kawaida, kwa kuwa inaliacha paja limesinyaa.

Viatu, viwanja na vilima vyetu vinachangia?

Vinachangia mzigo. Viwanja vingi vya shule hapa ni ardhi tupu, na kuanzia Juni hadi Oktoba inakuwa ngumu kama barabara. Njumu ndefu kwenye ardhi hiyo zinakamata ghafla na mshtuko wote unapanda gotini. Mnunulie viatu vyenye meno mafupi mengi, au raba tu. Kwenye mitumba, Kilombero au Memorial, pindisha kiatu: kijikunje penye vidole, kisijikunje katikati. Kikanyage kisigino kwa kidole gumba kama bado kina unene. Kiangalie kwa nyuma kama soli haijaliwa upande mmoja. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele inatosha. Kiatu kikubwa "atakikulia" kinamfanya abane vidole na kubadili mwendo.

Kushuka mlima kunalitesa goti kuliko kupanda, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki kila hatua. Mtoto anayeshuka kutoka Kibosho, Machame au Old Moshi kwenda shule tayari ameanza mazoezi kabla ya saa mbili. Kwa wiki zile nne, mtafutie usafiri wa kushuka, apande kwa miguu. Na Juni na Julai Arusha asubuhi ni baridi kweli: dakika 10 za kutembea haraka na kukimbia polepole kabla ya chochote.

Chakula je? Na maji yetu yenye floridi?

Hakuna chakula kinachoponya hali hii. Ila mtoto anayekua na kucheza anahitaji kula kwanza: uji asubuhi, makande au ugali na maharage mchana, na kitu kabla ya mazoezi ya saa kumi. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta kalsiamu. Msichana anayeanza kukosa hedhi kwa miezi mitatu huku akifanya mazoezi mengi aonwe na daktari, kwani mara nyingi anakula pungufu ya anachotumia na mifupa inalipia.

Kuhusu maji: maeneo ya kuzunguka Mlima Meru, Maji ya Chai likiwamo, yana vyanzo vyenye floridi nyingi. Osgood-Schlatter hailetwi na hilo. Iko Boston na Zurich pia. Lakini floridi iliyozidi kwa miaka mingi huacha meno ya kahawia na, ikiwa nyingi sana, hupinda na kukakamaza mifupa. Mtoto mwenye meno hayo, miguu inayozidi kupinda na maumivu ya viungo vingi apimwe kwa hilo. Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaikoleza kwa kuwa maji yanapungua. Chujio la mkaa wa mifupa linapunguza. Na punguzeni magadi kwenye maharage, kwa sababu nayo yanaweza kuwa na floridi.

Nundu itaondoka? Itamzuia kurefuka?

Haimzuii kurefuka. Maumivu huisha kijinundu kinapogeuka mfupa kamili, kwa wasichana wengi karibu miaka 14 hadi 16, wavulana 16 hadi 18. Nundu yenyewe hubaki, haina madhara, ila huuma kidogo akipiga magoti.

Mimi ni kocha. Nizuieje kwa kikosi kizima?

Wapime urefu kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, ukutani, kwa rula ya mbao bapa kichwani. Asubuhi ni muhimu, kwa kuwa jioni mtu anaweza kuwa mfupi kwa karibu sentimita moja. Anayeongezeka sentimita 2 au zaidi kwa miezi mitatu yuko kwenye kipindi cha kurefuka haraka. Kwa wiki sita zinazofuata mpunguzie miruko na mashuti kwa theluthi, umwongezee kazi ya ufundi na lile zoezi la kuegemea ukuta.

Wiki mbili kabla ya uteuzi wa UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ndizo wengi wanaumia, kwa sababu mazoezi yanaruka ghafla kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara mbili kwa siku. Anza kuongeza mwezi mzima kabla. Na kabla ya kila kipindi waulize wote namba ya asubuhi, mmoja mmoja, pembeni, si mbele ya kundi. Mtoto akijua kwamba kusema 4 kunamfanya apewe kazi nyingine badala ya kuondolewa kikosini, atasema 4.

Ana miaka 19 na bado linauma. Imekuwaje?

Kwa wachache kipande kidogo cha mfupa hakiungani, kinabaki ndani ya kano na kuuma kila akipiga magoti au kuruka. Hapo eksirei inafaa. Ikiwa miezi mitatu hadi sita ya kuimarisha paja haikusaidia, daktari wa mifupa anaweza kukitoa kwa upasuaji mdogo, na kwa kawaida hilo hufanywa baada ya mifupa kumaliza kukua.